Mazoezi ya Macho ni Mema, Lakini Tupime Macho Kwanza



Ikiwa unausoma ukurasa huu peke yako, hongera. Ulianza na a, e, i, o, u. Ukaja kwenye silabi, kisha maneno, kisha sentensi. Leo unasoma habari nzima. Huo ni mto mpana uliouvuka.

Lakini yapo maneno ninayoyasikia mara kwa mara ninapotembelea madarasa ya kisomo. Mtu anasema, "Mwalimu, herufi zinacheza." Mwingine anasema, "Mistari inapandana." Mwingine anasema, "Nikisoma kidogo tu, kichwa kinagonga na machozi yananitoka." Baada ya siku chache mtu huyo haonekani darasani. Ukimwendea nyumbani kumwuliza, anajibu, "Mimi nimezeeka. Kichwa changu kigumu."

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima, si daktari. Lakini katika jambo hili nina maoni yangu, na nayasema wazi. Mara nyingi kichwa cha mtu huyo hakina kosa lolote. Kosa liko machoni, na makosa mengi ya macho yana msaada. Yapo mazoezi ya macho yanayoweza kumpunguzia mtu uchovu. Mazoezi hayo ni mema, na hayana gharama. Lakini si dawa ya kila jambo. Mtu anayehitaji miwani ukimpa mazoezi tu, umemchelewesha. Kwa hiyo nasema hivi: kwanza tupime macho. Pili, anayehitaji miwani apate miwani. Tatu, ndipo tufanye mazoezi.

Soma sababu zangu. Kisha zijadili na wenzako.

JICHO LINASOMAJE?

Fanyeni jaribio hili darasani. Mwombe mwenzako ashike kitabu juu kidogo, asome kimya. Wewe kaa mbele yake. Tazama macho yake juu ya ukingo wa kitabu. Utaona kwamba hayatelezi kama ngalawa juu ya maji. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Ni kama ndege anayedonoa mtama mmoja mmoja.

Sasa mwambie aweke kitabu chini. Inua kidole chako mbele ya uso wake. Kipeleke polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Mwambie akifuate kwa macho, bila kugeuza kichwa. Safari hii macho yake yanateleza taratibu.

Basi macho yana miendo miwili. Mwendo wa kuteleza ni wa kufuata kitu kinachokwenda, kama ndege angani au mpira uwanjani. Mwendo wa kuruka ni wa kusoma. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Wafaransa, akiwamo daktari wa macho Émile Javal, waliandika juu yake mwishoni mwa miaka ya 1870. Tangu wakati huo limepimwa mara nyingi. Msomaji mzoefu akitua mahali, hukaa hapo kama robo ya sekunde. Kisha huruka mbele herufi kama 7 au 8, akatua tena. Mstari ukiisha, macho hurudi kushoto na kushuka kwenye mstari unaofuata.

Msomaji mpya hutua mara nyingi zaidi, na kila anapotua hukaa zaidi. Mara kwa mara hurudi nyuma kutazama neno aliloliruka. Hiyo si dalili ya ujinga wala ya ugonjwa. Ndivyo kila msomaji mpya anavyoanza, awe mtoto au mzee. Kadiri anavyozoea maneno, ndivyo macho yake yanavyoruka mbali zaidi.

Jambo jingine. Kila jicho linaendeshwa na misuli 6. Kwa macho mawili ni misuli 12. Misuli hiyo lazima ivute pamoja, kama ng'ombe wawili wa plau waliofungwa nira moja. Ng'ombe mmoja akivuta kando, mfuo hupinda. Vivyo hivyo, unaposoma kitu cha karibu, macho yote mawili lazima yageuke ndani kidogo, yakutane kwenye neno moja. Yasipokutana vizuri, neno moja huonekana kama mawili, au herufi huonekana zimepandana. Hapo ndipo mtu anaposema, "Herufi zinacheza."

UKIFIKA MIAKA 40

Ndani ya jicho kuna lenzi. Lenzi hiyo ni kama kioo kidogo, lakini katika ujana ni laini. Ukitazama mbali, inakuwa bapa. Ukitazama karibu, inatuna. Ndiyo maana kijana huweza kutazama mlima, kisha mara moja akatazama kucha yake, na vyote akaviona vizuri.

Miaka ikienda, lenzi hukakamaa. Haiwezi tena kutuna kama zamani. Kwa watu wengi jambo hili huanza kuonekana karibu na miaka 40. Hapo mtu huanza kunyoosha mkono ili asome. Mama hushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Baba hushindwa kuchambua mawe kwenye mchele au kusoma namba zilizo kwenye pakiti ya mbegu. Mbali anaona vizuri. Mbuzi wake anamtambua akiwa ng'ambo ya bonde. Lakini herufi za kitabu hazioni.

Huu si ugonjwa. Ni kama mvi. Humpata mkulima, mwalimu, waziri na daktari mwenyewe. Wala usidhani ni jambo la watu wachache. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, wataalamu waliwapima watu zaidi ya 1,700 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2006. Katika kila watu 100, karibu 62 walikuwa na hali hii. Hao ni watu wa vijijini, wakulima na wafugaji kama sisi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu hii, na kwamba hali yao ingeweza kurekebishwa.

Sasa fikiri. Madarasa ya kisomo ni ya watu wazima. Wengi wetu tumepita miaka 40. Kwa hiyo, katika darasa la wazee na wazazi, si ajabu nusu ya watu wawe hawaoni vizuri kitabu kilichoko mikononi mwao. Halafu tunawauliza kwa nini hawasomi upesi! Ni sawa na kumpa mtu jembe lisilo na mpini, kisha kumlaumu kwa kuchelewa kulima.

PIMENI HIVI DARASANI

Kipimo hiki si cha daktari. Ni cha kutambua nani aende kwa daktari.

Kaeni mchana, mahali penye mwanga mzuri. Kila mtu ashike kitabu hiki umbali wa sentimita 40 kutoka machoni. Tumieni rula kupima. Asinyooshe mkono zaidi ya hapo. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza, asome mstari mmoja kwa jicho la kulia. Kisha afunike jicho la kulia, asome mstari mwingine kwa jicho la kushoto. Asiyejua maneno yote aseme herufi anazoziona.

Mtu akiona vizuri akinyoosha mkono, lakini asione akiurudisha, yaelekea anahitaji miwani ya kusomea. Mtu akiona vizuri kwa jicho moja na vibaya kwa jingine, aende kupimwa. Mtu asiyeona vizuri karibu wala mbali, aende kupimwa pia. Mwalimu aandike majina na ampe kila mmoja ushauri kwa siri, kwa heshima. Macho ya mtu si jambo la kuchekwa.

MAZOEZI MATANO

Sasa tuje kwenye mazoezi. Nayapenda kwa sababu yanampumzisha msomaji, na yanamfundisha kuyasikiliza macho yake. Fanyeni kwa dakika tano tu kabla ya somo. Ukisikia maumivu, acha.

Zoezi la kwanza: kufuata. Inua kidole gumba mbele ya uso, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kipeleke polepole kulia, kisha kushoto, kisha juu, kisha chini. Kifuate kwa macho. Kichwa kisigeuke. Fanya mara tano.

Zoezi la pili: kuruka. Inua vidole gumba viwili, kimoja kulia na kingine kushoto, vikiwa mbalimbali kama upana wa mabega. Tazama kimoja, kisha ruka kwa macho hadi kingine. Usikimbilie. Tua kwanza, uone ukucha vizuri, ndipo uruke tena. Fanya mara kumi.

Zoezi la tatu: karibu na mbali. Tazama kidole chako. Kisha tazama mti ulio mbali. Kisha rudi kwenye kidole. Fanya mara kumi. Kama umri wako umepita miaka 40, kidole kitaonekana na ukungu. Usishangae, wala usijilazimishe.

Zoezi la nne: kukutanisha macho. Shika kalamu mbele yako, mkono ukiwa umenyooka. Tazama ncha yake. Isogeze polepole kuelekea puani. Ikifika mahali ukaona kalamu mbili, simama. Irudishe nyuma kidogo mpaka uone moja. Kisha anza tena. Fanya mara tano.

Zoezi la tano: kuushika mstari. Weka kipande cha karatasi ngumu chini ya mstari unaousoma. Ukimaliza mstari, kishushe. Usipokuwa na karatasi, tumia kidole. Wapo watu wanaoona haya kusoma kwa kidole, wakisema ni jambo la watoto. Haya hiyo haina maana. Fundi hutumia kamba ili tofali zinyooke, na hakuna anayemcheka. Macho yako yakizoea, utaiacha karatasi bila hata kujua ni lini umeiacha.

Pamoja na mazoezi hayo, pumzika. Tunapokaza macho kwenye kitabu, tunasahau kupepesa, na macho hukauka na kuwasha. Baada ya kila dakika 20, inua uso. Tazama kitu kilicho mbali, hatua kama kumi au zaidi, kwa sekunde 20. Pepesa macho mara kadhaa. Kisha endelea kusoma. Wale wanaotumia simu ya mkononi kusoma ujumbe wafanye hivyo hivyo.

MAZOEZI HAYAWEZI KILA KITU

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana wapo watu wanaouza maneno matamu. Wanasema, "Fanya mazoezi haya, utatupa miwani yako." Maneno hayo si mapya. Mwaka 1920 daktari mmoja wa New York, William Bates, alitoa kitabu akidai kwamba mtu anaweza kuona vizuri bila miwani kwa kufanya mazoezi. Watu wengi walivutwa na kitabu hicho. Lakini madai yake hayakuthibitika. Lenzi iliyokakamaa hailainiki kwa kuzungusha macho.

Tutazame pia nchi ya China. Tangu mwaka 1963 watoto wa shule huko wamekuwa wakifanya mazoezi ya macho kila siku. Hukaa pamoja, wakajikandakanda kuzunguka macho kwa kufuata muziki. Ni desturi nzuri ya kupumzika. Lakini hata hivyo idadi ya watoto wa China wasioona mbali vizuri imekuwa kubwa sana. Mazoezi hayakuweza kuzuia hali hiyo.

Je, mazoezi hayana faida yoyote iliyothibitika? Ipo. Kwa watu ambao macho yao hayakutani vizuri karibu, mazoezi husaidia. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Marekani kwa watoto 221 wenye hali hiyo, wa umri wa miaka 9 hadi 17. Walifanya mazoezi kwa wiki 12. Katika kila 100 waliosimamiwa na mtaalamu, na kuendelea nyumbani, 73 walipona au walipata nafuu kubwa. Katika kila 100 waliosogeza kalamu tu nyumbani, ni 43. Na katika kila 100 waliopewa mazoezi ya kujifanya, yasiyo ya kweli, 35 nao walipata nafuu.

Soma tena hesabu hiyo. Inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mazoezi sahihi, kwa mtu anayeyahitaji, chini ya anayeyajua, yanafaa. Pili, mazoezi ya kujifanyia tu hayakuzidi sana mazoezi ya uongo. Kwa hiyo, kama unaona maneno mawili mawili kila unaposoma, usitosheke na zoezi langu la kalamu. Nenda ukapimwe.

Tena, mazoezi ya macho hayamfundishi mtu kusoma. Ukiweza kufuata kidole vizuri, haina maana kwamba utaweza kusoma barua. Kusoma kunajengwa kwa kusoma. Dakika tano za mazoezi ni kunoa jembe. Lakini shamba halilimwi kwa kunoa. Lazima baadaye ushike kitabu, leo ukurasa mmoja, kesho mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

MIWANI SI ANASA

Wapo wanaosema miwani ni ya mabwana wa ofisini. Wapo wanaosema miwani huharibu macho, kwamba ukianza kuvaa macho yatalegea. Na wapo wanaosema kusoma kwenyewe ndiko kunakoharibu macho ya mtu mzima. Yote matatu si kweli. Miwani ya kusomea haikakamazi lenzi. Lenzi ingekakamaa hata kama usingevaa. Na kusoma hakuli macho. Kunachosha tu, kama kulima kunavyochosha mikono.

Yupo mzee mmoja aliyeitupa miwani yake sandukuni siku ile ile aliyoipata. Alisema, "Imeniharibia macho. Nikitazama njia naona ukungu." Mzee huyo alisema kweli juu ya ukungu, lakini hakuelezwa sababu. Miwani ya kusomea ni ya kusomea. Ni ya kitabu, sindano na mchele. Ukitazama mbali nayo lazima uone ukungu. Vua unapoinuka, vaa unapokaa kusoma. Neno moja tu la maelezo lilikuwa linatosha.

Na faida yake si ya kitabu peke yake. Huko Assam, nchini India, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi walifanyiwa majaribio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliopewa miwani walipanda kutoka kilo kama 25 kwa siku hadi karibu kilo 35. Wenzao wasiopewa walipanda pia, maana msimu ulikuwa mzuri, lakini walifika kilo kama 31 tu. Bangladesh nako, watu 824 wa vijijini, mafundi na wakulima, walifanyiwa majaribio kama hayo. Ilipochapishwa habari yao mwaka 2024, ilionekana kwamba baada ya miezi minane waliopewa miwani walikuwa wakipata fedha zaidi kuliko wasiopewa, kiasi cha theluthi moja zaidi. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, je, hawawezi kufaidika vilevile? Wasuka mikeka wetu, je? Mafundi cherehani?

Fikiri pia hasara isiyopimwa kwa kilo. Asiyeona herufi ndogo hawezi kusoma karatasi ya mzani anapouza pamba au korosho. Hawezi kusoma kwenye chupa ya dawa kama mtoto apewe kijiko kimoja au viwili. Hawezi kusoma karatasi ya mkopo anayoambiwa atie sahihi. Alijifunza kusoma kwa jasho, lakini amerudi kuweka dole gumba. Huo ni wizi, ingawa hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

MWANGA NA MAHALI

Msomaji mwenye umri mkubwa anahitaji mwanga mwingi kuliko kijana. Kwa hiyo madarasa ya jioni yaanze jua likiwa bado lipo, kama kazi zinaruhusu. Keti karibu na mlango au dirisha. Mwanga utoke upande wa bega, usikupige usoni. Kibatari hutoa mwanga mdogo na moshi mwingi, na moshi huwasha macho. Taa ya sola ni afadhali zaidi. Ubao upakwe rangi nyeusi upya, na mwalimu aandike herufi kubwa. Haya ni mambo madogo, lakini hupunguza uchovu kuliko mazoezi mengi.

DALILI ZA HATARI

Zipo hali ambazo hazingoji mazoezi wala mjadala. Nenda hospitali haraka ukiona moja ya haya:

Jicho limepoteza nuru ghafla.
Jicho ni jekundu, linauma, na kuona kumepungua.
Unaona kama radi ndani ya jicho, au pazia jeusi linashuka.
Ghafla umeanza kuona vitu viwili viwili.
Jicho limepigwa au limeingiwa na kitu kikali.

Mwenye weupe katika mboni huenda ana mtoto wa jicho. Huo hauondoki kwa mazoezi wala kwa dawa ya matone. Huondolewa kwa upasuaji, na watu wengi huona tena. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mwenye ndugu aliyepofuka kwa presha ya macho apimwe pia, maana ugonjwa huo hula nuru kimyakimya bila maumivu. Na kope zikigeuka ndani zikachoma jicho, huenda ni trakoma. Usizing'oe tu ukanyamaza. Nenda ukatibiwe.

Tafadhali, usitie jichoni maji ya majani, maziwa, wala dawa ya jirani. Jicho likiharibika kwa kutiwa kitu kisichofaa, huenda lisirudi.

MAONI YANGU JUU YA LA KUFANYA

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Somo halikuishia kwenye karatasi. Elimu na afya zilikwenda pamoja. Nasema jambo la macho linataka njia ile ile.

Kwanza, kila darasa la kisomo lifanye kipimo cha sentimita 40 katika wiki ya kwanza, kabla ya mwalimu kumwita mtu yeyote mzito wa kuelewa.

Pili, kamati ya darasa imwendee mganga wa zahanati na kumwomba aulize wilayani ni lini mtaalamu wa macho anaweza kuja. Mtaalamu mmoja akija siku moja kijijini, ni nafuu kuliko watu 30 kulipa nauli kila mmoja kwenda mjini.

Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa viweke miwani katika mambo yanayokopeshwa. Tunakopeshana kwa mbolea na kwa arusi. Kwa nini tusikopeshane kwa macho?

Nne, mazoezi ya dakika tano yawe sehemu ya somo, kama kupumzika, si kama matibabu.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Afisa, kijiji hakina maji ya kutosha, wewe unaleta habari za miwani." Hoja hiyo ina uzito. Maji ni lazima. Lakini watu watakaokaa kwenye kamati ya maji, watakaosoma hesabu za pampu na kuuliza fedha zimekwenda wapi, ndio hao hao tunaowapoteza darasani kwa sababu ya macho. Mtu anayesoma ni ngao ya kijiji chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine watasema, "Mzee wa miaka 60 anasoma ili iweje?" Wakumbushe habari ya Kimani Maruge wa Kenya. Mwaka 2004 aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, akakaa na watoto. Hakuwa akitafuta kazi. Alitaka kujua kusoma. Alifariki mwaka 2009, lakini dunia nzima ilijifunza kwake kwamba elimu haina mwisho.

Basi, ndugu msomaji, kama yupo jirani yako aliyeacha kisomo, usimwambie kwamba ni mvivu. Mpelekee kitabu hiki. Mkae nje, mchana, penye mwanga. Mpimie sentimita 40. Mwulize, "Unaiona herufi hii?" Kama haioni, umejua kwa nini aliacha. Mwambie hivyo, na mfuatane naye siku ya kwenda kupimwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika darasa lenu, ni watu wangapi wamepita miaka 40? Wangapi wameacha masomo? Mmewahi kuwauliza juu ya macho yao?
2. Macho ya msomaji yanakwendaje juu ya mstari? Fanyeni jaribio na mweleze mlichoona.
3. Mazoezi ya macho yanaweza kusaidia nini? Hayawezi kusaidia nini?
4. Kwa nini mtu aliyevaa miwani ya kusomea huona ukungu akitazama mbali?
5. Mtaalamu wa macho anapatikana wapi karibu na kijiji chenu? Nani atatumwa kuuliza, na lini ataleta jibu?